Cromer hadi Bamburgh kwa gari: jinsi ya kupanga safari ya siku sita kwenye vituo vya boti za uokoaji

Nimezaliwa na kukulia Pangani, na siku hizi naishi Nottingham, mji ulio mbali na bahari kuliko nilivyozoea. Kila mwaka nikipata likizo naelekea pwani ya mashariki ya Uingereza kutembelea vituo vya boti za uokoaji. Nimeipita njia hii mara nne sasa, mbili peke yangu na mbili na familia, na nimekuwa nikiulizwa na Waswahili wenzangu walioko huku, na jamaa wanaokuja kutembea, namna ya kuipanga. Nimeiandika kama ninavyoifanya mwenyewe.

Hatua ya 1: Kata kipande cha pwani

RNLI, chama cha hisani kinachoendesha boti nyingi za uokoaji Uingereza na Ireland, kilianzishwa tarehe 4 Machi 1824 na kina vituo 238. Usijaribu kuvimaliza kwa safari moja. Nimewahi kupanga vituo vitano kwa siku moja, nikaishia kuona milango mitano iliyofungwa na maegesho matano. Kituo kimoja au viwili kwa siku vinatosha, ili ukikuta boti imetoka uwe na muda wa kungoja irudi.

Kwa anayeanza napendekeza kipande cha kutoka Cromer, kwenye kaunti ya Norfolk, kupanda kaskazini hadi Bamburgh kwenye kaunti ya Northumberland. Hapo utapata boti za kila namna: zinazoshushwa kwenye mteremko, zinazovutwa na trekta, zilizofungwa bandarini, na za makasia zilizostaafu. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda. Kuanzia mwisho wa Julai hadi Agosti shule zimefungwa na vyumba vinapanda bei, na wakati wa baridi makumbusho kadhaa hupunguza siku za kufungua.

Hatua ya 2: Jua mlango upi uko wazi

Vituo havifanani. Vingine vina jukwaa la wageni, duka na mtu wa kukueleza karibu kila siku. Vingine hufunguliwa siku chache za majira ya joto, na vipo ambavyo utaviona kwa nje tu. Fungua ukurasa wa kila kituo kwenye tovuti ya RNLI, andika siku na saa kwenye daftari, kisha piga simu siku mbili kabla. Kumbuka pia kwamba si kila boti ya uokoaji ni ya RNLI. Caister, kusini ya Cromer, wana boti yao wenyewe wanayoiendesha kwa michango tangu mwaka 1969, na wanastahili kutembelewa kama una siku ya ziada mwanzoni.

Hatua ya 3: Panga kwa maji, ndipo upange kwa barabara

Hapa ndipo mtu wa pwani ana nafuu. Bamvua na maji mafu unavijua tangu utotoni, na huku ni vilevile: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Chukua jedwali la maji la kila mji unaokwenda na uliweke mbele kabla ya kukata chumba.

Angalia jambo moja. Majedwali mengi huandikwa kwa saa za Greenwich, ilhali majira ya joto saa za Uingereza husogezwa mbele kwa saa moja. Jedwali likisema maji yanajaa 14:00, saa ya mkononi itakuwa 15:00, yaani saa tisa alasiri kwa hesabu yetu. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nilifika Wells-next-the-Sea nikitaka kuuona mfereji ukiwa umekauka, nikaukuta bado una maji, nikaondoka nikidhani jedwali limekosea. Kumbe nilikuwa nimewahi kwa saa nzima.

Kisha ulizia jioni ya mazoezi. Vituo vingi hufanya mazoezi kila wiki, na mtazamaji anakaribishwa kusimama pembeni. Mimi nikishajua jioni hizo ndipo ninapoamua nilale wapi na siku gani. Boti ikiwa ndani ya banda ni nzuri kutazama, lakini kuiona ikishuka majini ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya 4: Njia yenyewe

*Siku ya kwanza, Cromer.* Banda la boti liko mwisho wa gati refu lililoingia baharini, kwa hiyo acha gari mjini utembee. Boti yao ni ya aina ya Tamar, yenye urefu wa mita 16 na ushei na uzito wa tani 32 hivi. Huachiliwa kutoka juu ya mteremko, ikateleza kwa uzito wake na kupiga maji kwa kishindo unachokisikia miguuni kupitia mbao za gati. Kuipandisha tena ni kazi ya winchi na bahari iliyotulia. Kukichafuka, hubidi ingoje.

Tenga saa mbili kwa ajili ya makumbusho ya Henry Blogg, yaliyo chini karibu na gati, na kuingia ni bure. Mvuvi huyu wa kaa alihudumu kwenye boti ya uokoaji miaka 53, na yeye na wenzake waliokoa watu 873. Alipewa nishani tatu za dhahabu na nne za fedha, idadi ambayo hakuna mwana-boti mwingine wa RNLI aliyeifikia, na kuogelea hakujua. Soma habari za tarehe 9 Januari 1917. Vijana walikuwa vitani, hivyo waliovuta makasia wengi wao walikuwa watu wazima wa umri wa miaka hamsini na zaidi. Waliokoa mabaharia 16 wa meli ya Kigiriki, Pyrin. Wakiwa hoi bado, meli ya Kiswidi, Fernebo, ikakatika vipande viwili. Walirudi tena na tena, makasia yakavunjika, mpaka wakawatoa watu 11. Ninaposoma hapo huwa nawakumbuka wavuvi wa Nungwi waliotoka na vyombo vyao Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama. Hao hawakuwa na kituo wala jaketi za rangi moja, na walikwenda.

*Siku ya pili, Wells na Hunstanton.* Barabara ya pwani ni nyembamba, nenda polepole. Wells utaiona boti ya aina ya Shannon ikiwa juu ya behewa lake la kuvutwa na trekta. Shannon haina pangaboi. Husukumwa na maji yanayofyatuliwa kwa nguvu nyuma, ndiyo maana inaweza kupandishwa moja kwa moja ufukweni. Usiondoke kabla ya kuona kumbukumbu ya mwaka 1880, boti yao ilipopinduka na kuua 11 kati ya 13 waliokuwamo. Hunstanton wana hovercraft, chombo kinachobebwa na hewa na kupita juu ya tope, kwa sababu ghuba ya pale maji yakipwa huacha eneo kubwa ambalo boti haielei na mtu hawezi kutembea.

*Siku ya tatu* ni ya kuendesha tu, saa tano hivi hadi Whitby kupitia daraja la Humber, ambalo lina tozo. Ondoka asubuhi.

*Siku ya nne, Whitby.* Hapa nisingekubali kukaa chini ya siku nzima. Tarehe 9 Februari 1861 dhoruba ilizitupa meli nyingi ufukweni, na boti ya Whitby ilitoka mara tano ikaleta watu salama. Mara ya sita ilipinduka. Kati ya mabaharia 13 alipona mmoja, Henry Freeman, ambaye alikuwa amevaa jaketi la aina mpya la gome jepesi la mti linaloelea. Wenzake walivaa ya zamani. Mwambie mtoto wako kisa hiki kabla ya kumpandisha kwenye chombo chochote, awe Whitby au kwenye boti ya kwenda Mafia.

Makumbusho ya boti yako upande wa magharibi wa bandari, na ndani yake imo Robert and Ellen Robson, boti ya mwisho ya makasia katika utumishi wa RNLI, iliyostaafu 1957. Ukitoka hapo vuka daraja, panda ngazi 199 hadi kwenye magofu ya abasia, kisha fuata njia ya miguu ya juu ya majabali mpaka uione miamba ya Saltwick. Hapo ndipo meli ya hospitali, Rohilla, ilipopasuka tarehe 30 Oktoba 1914. Watu wa mji waliibeba boti ya makasia kwa mikono hadi karibu na mahali pa ajali, ikaokoa watu 35 kwa safari mbili kabla haijaharibika. Hamsini wa mwisho walichukuliwa siku ya tatu na boti ya injini iliyotoka Tynemouth, ikipita usiku kwenye pwani iliyozimwa taa zote kwa sababu ya vita. Zaidi ya watu 80 walikufa karibu kabisa na nchi kavu. Simama pale maji yakiwa yamepwa, upime kwa macho umbali huo.

*Siku ya tano, Redcar, South Shields na Tynemouth.* Mjini Redcar ipo Zetland, boti kongwe kuliko zote za uokoaji zilizobaki duniani, iliyojengwa 1802 na kuokoa watu zaidi ya 500. Ilipotakiwa kuvunjwa mwaka 1864, watu wa mji waliizuia. Makumbusho yake yanaendeshwa na wanaojitolea, kwa hiyo thibitisha saa. South Shields utaikuta boti nyingine ya uokoaji, Tyne ya mwaka 1833, pembeni mwa barabara, chini ya paa, huhitaji tiketi. Kuvuka kwenda Tynemouth kwa gari ni kupitia handaki. Hakuna kibanda cha kulipia: unalipa kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata. Ukisahau utatumiwa faini.

*Siku ya sita, Seahouses na Bamburgh.* Nitaifikia mwishoni.

Hatua ya 5: Gari na vitu vya kubeba

Leseni halali ya nje inaruhusu mgeni kuendesha hadi miezi 12. Aliyezoea Tanzania, Kenya au Uganda hatapata shida, kwani huku nako ni mkono wa kushoto. Anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi au Oman ajipe siku moja ya mazoezi kwanza. Vibao vya barabarani huandikwa kwa maili. Pakua ramani kabla, mtandao hukatika. Beba koti la mvua hata Juni, na sarafu kwa ajili ya maegesho na sanduku la michango. RNLI inaendeshwa hasa kwa michango, na mtu aliyeonyeshwa boti bure kwa saa nzima asitoke mikono mitupu.

Hatua ya 6: Adabu ya kituo

Unaingia mahali pa kazi. Wengi utakaowakuta ni fundi bomba, mwalimu, muuza duka, watu waliojitolea, na kiunoni wana peja, kifaa kidogo kinacholia kuwaita kazini. Ikilia katikati ya maneno, mazungumzo yameisha. Rudi nyuma, mshike mtoto mkono, uondoke kwenye njia ya trekta. Kamwe usiegeshe mbele ya mlango wa banda wala kwenye nafasi za mabaharia, hata kwa dakika mbili. Boti ikirudi na mtu aliyeokolewa, weka simu mfukoni.

Usiulize kuhusu maiti. Uliza kuhusu injini, kuhusu trekta, kuhusu mbao za kumbukumbu zilizotundikwa ukutani zenye tarehe, jina la chombo na idadi ya waliookolewa. Mimi huzisoma zote kutoka juu hadi chini. Unaona matanga yakigeuka mvuke, mvuke ukageuka injini, kisha vinaanza vyombo vya watu wa mapumziko. Huwa natafuta mistari ambayo idadi ni sifuri, walipotoka usiku mzima wakarudi bila mtu.

Hatua ya 7: Bamburgh, na onyo la barabara ya baharini

Seahouses uone boti, kisha nenda maili tatu hadi Bamburgh kwenye makumbusho ya Grace Darling. Tarehe 7 Septemba 1838, akiwa na miaka 22, yeye na baba yake, mlinzi wa mnara wa taa wa Longstone, walivuta makasia kuelekea mwamba ilipovunjikia meli Forfarshire. Watu tisa waliokolewa kwa safari mbili. Mashua yenyewe imo humo ndani. Isogelee utazame ubavu wake ulivyo chini. Ni ya ukubwa ambao kwetu watu huenda nayo kutega karibu. Kaburi lake liko ng'ambo ya barabara, uani kwa kanisa. Alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 26.

Ukiwa huko utatamani kwenda kisiwa cha Lindisfarne. Barabara yake hufunikwa na maji mara mbili kwa siku. Saa salama za kuvuka hutangazwa na halmashauri ya kaunti, zifuate hizo, usifuate jicho lako wala gari lililo mbele yako. Boti ya Seahouses huitwa mara kwa mara kuwatoa watu juu ya magari yaliyozama hapo. Ukikuta maji yameanza kugusa lami, geuza.

Na popote katika safari hii ukimwona mtu majini au amekwama, usimfuate. Piga 999, omba walinzi wa pwani, taja mahali ulipo, na usimwondolee macho mpaka wafike.