Jinsi ya kukadiria bei ya baiskeli ya zamani ya mbio yenye fremu ya chuma

Nikiulizwa "hii itauzwa bei gani?", picha ninayotumiwa karibu kila mara imepigwa upande wa kushoto. Upande huo hauna habari. Geuza baiskeli: krenki (mikono inayoshika pedali) yenye meno, cheni na gia viko kulia, na hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Tafuta sumaku ndogo, rula ya milimita (kalipa ni bora zaidi), uzi wa mita tatu, tochi, kitambaa na spana ya kulegeza siti. Bei usiitaje kwanza.

Hatua ya 1: Jua fremu ni ya chuma gani

Jina kubwa kwenye bomba la chini lisikupumbaze. Peugeot na Raleigh waliuza baiskeli za mabingwa na baiskeli za kwendea kazini kwa jina lilelile. Kilichozitenganisha ni chuma.

Angalia stika ndogo kwenye bomba la siti na kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele. Reynolds wa Birmingham, watengenezaji wa mabomba ya fremu, walitoa chuma kiitwacho 531 mwaka 1935, na ikabaki chuma cha kuringia kwa miongo kadhaa. Columbus wa Italia wana alama ya njiwa. Aina zao za SL na SLX ndizo zinazotafutwa sana. Wajapani wana Tange na Ishiwata, na baadhi ya fremu zao ni nzuri kuliko bei zinazopewa. Ukikuta Hi-Ten, hicho ni chuma cha kawaida, kizito. Soma stika yote: zipo zinazohusu mabomba matatu makuu tu, na zipo zinazohusu fremu nzima pamoja na uma. Tofauti hiyo ni pesa.

Lakini stika mpya zinauzwa, na mtu yeyote anaweza kuzibandika. Kwa hiyo chomoa nguzo ya siti usome kipimo kilichogongwa juu yake. 27.2 mm kwa kawaida ina maana kuta za bomba ni nyembamba, za daraja la juu. Kipimo cha 26 na kitu, au 25.4, mara nyingi ni bomba lenye kuta nene, la bei nafuu, ingawa Wafaransa walikuwa na vipimo vyao na fremu nzuri ya kwao inaweza kuwa 26.4. Kisha angalia masikio ya nyuma, yale yanayoshika ekseli ya gurudumu. Yakiwa manene, yamefuliwa kihunzi, na sehemu ya kufungia kihamisha gia (kinachosogeza cheni) imeumbwa humohumo, fremu ilitengenezwa kwa uangalifu. Yakiwa bapa kama bati lililokatwa, na kihamisha gia kinaning'inia kwenye kipande kilichofungwa kwa nati, stika ya kifahari inakudanganya.

Hatua ya 2: Tafuta mwaka

Namba ya fremu husaidia kwa watengenezaji wachache tu. Mimi huanza na vipuri. Shimano, watengenezaji wa vipuri wa Japani, waligonga herufi mbili nyuma ya vihamisha gia na ndani ya mikono ya krenki: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B 1977 na kuendelea, ya pili ni mwezi, A Januari hadi L Desemba. JC basi ni Machi 1985. Kihamisha gia cha nyuma cha Nuovo Record, cha Campagnolo wa Italia, cha miaka ya 1970 kina neno PATENT na tarakimu mbili: PATENT-76 ni 1976. Kipuri kimoja kinaweza kuwa kilibadilishwa; vitatu vikikubaliana, amini.

Mwaka una uzito kwa sababu moja ambayo wauzaji wengi hawaijui. Msafara wa baiskeli za zamani wa Eroica, ulioanza 1997 huko Gaiole in Chianti nchini Italia, hukubali baiskeli za mbio za kabla ya 1987, zenye vigingi vya kubadilisha gia kwenye bomba la chini, nyaya za breki zinazopita nje ya usukani, na pedali zenye mikanda ya kufunga mguu. Baiskeli inayotimiza masharti hayo ina wateja wa ziada. Ya 1991 inaweza kuwa bora barabarani na bado ikakosa wateja hao.

Hatua ya 3: Tafuta kilichovunjika

Hapa usiharakishe. Weka kidole chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya bomba la kichwa (bomba fupi la mbele ambamo usukani huzunguka), ukitelezeshe polepole. Ukihisi kituta kidogo kama mkunjo wa shati, na rangi imepasuka mahali hapohapo, baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Rudia chini ya bomba la juu. Fremu yenye mkunjo huo naihesabu kuwa rundo la vipuri, hata iwe na jina gani.

Sasa uzi. Funga kwenye sikio la nyuma la kulia, uzungushe mbele ya bomba la kichwa, urudi nao hadi sikio la kushoto, uukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti pande zote mbili. Milimita moja au mbili si neno. Zikifika tano, nyuma imepinda.

Pitisha sumaku kwenye mabomba yote. Inaposhika kwa ulegevu ghafla, chini ya rangi kuna lipu inayoficha shimo. Kutu ya juujuu inayofutika kwa kitambaa haishushi bei sana. Inayovimbisha rangi kutoka ndani karibu na krenki inashusha.

Halafu jaribu kama nguzo ya siti na shingo ya usukani vinasogea. Niliwahi kununua fremu ya Columbus inayong'aa bila kugusa nati ya siti. Nguzo ya alumini ilikuwa imeshikana na chuma cha fremu. Nilitumia wiki mbili za amonia na maji ya moto, na mwishowe msumeno, sentimita kwa sentimita, nikiomba nisikate bomba lenyewe. Faida yote iliishia humo.

Hatua ya 4: Kilicho cha asili na kilichobadilishwa

Seti kamili ya vipuri vya awali hupandisha bei kuliko kipuri kimoja cha thamani. Rangi iliyochubuka ya kiwandani huuzika kuliko rangi mpya ya mtaani. Magurudumu ya inchi 27 yana rimu ya 630 mm badala ya 622 ya 700C, saizi ya kawaida ya baiskeli za mbio, na tairi zake hazina chaguo kubwa. Kwa cheni, pima pini hadi pini katika viungo 12 kamili (kila kimoja ni jozi ya kiungo cha ndani na cha nje): mpya ni 304.8 mm, ikifika 308, hesabu cheni mpya na pengine meno mapya ya nyuma.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Tafuta bei zilizolipwa kweli kwa baiskeli kama hiyo, si bei zilizotangazwa. Tangazo lililokaa mwaka mzima linakuambia tu bei ambayo watu wameikataa. Chukua mauzo manne au matano, tupa la juu kabisa na la chini kabisa, wastani uuite 100.

Tuseme yako imepakwa rangi upya: mimi hutoa 25. Kihamisha gia si cha asili: 8. Tairi, nyaya, raba za breki na cheni: toa gharama kamili ya kuvinunua, tuseme 15, kwa sababu mnunuzi atafanya hesabu hiyohiyo mbele yako. Umebaki na 52. Kama saizi ya fremu, yaani urefu wa bomba la siti, ni sentimita 54 hadi 58, acha hapo. Ikiwa 49 au 63, toa 10 nyingine au uwe na subira.

Kabla ya kutangaza, jumlisha vipuri kimoja kimoja. Wakati mwingine krenki, habu na breki vikiuzwa mbalimbali vinafika 80. Mimi huvunja tu baiskeli ambayo fremu yake imefeli hatua ya 3. Nyingine natangaza kwa 60, nikiwa tayari kushuka hadi 50, na picha ya kwanza naipiga upande wa kulia.