Jinsi ya Kuitumia Kompyuta Mpakato ya GB 4 Bila Kukaa Ukiisubiri

Kila msimu wa korosho unapokaribia, meza yangu ya ufundi hapa Mtwara mjini hujaa kompyuta mpakato za makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika, za walimu na za wanafunzi wa vyuo, na mashtaka dhidi yake huwa ni yaleyale: imechoka, inaganda, inachukua dakika kumi kuwaka. Nyingi ni za mtumba, au ni mpya za bei ya chini kabisa zenye kumbukumbu ya GB 4, na chache zina GB 2 tu. Mwenye nayo huwa ameshaambiwa na mtu kwamba akanunue nyingine. Mara nyingi haimlazimu; kinachomlazimu ni kujua kazi inakwama wapi, kisha atoe fedha kidogo mahali panapostahili na asitoe hata shilingi mahali pasipostahili.

Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo wauzaji huiita RAM, ni kama ule uwanja mdogo mbele ya mzani wa chama cha msingi, na diski ni ghala lililo nyuma yake. Magunia yaliyo mbele ya mzani hupimwa papo hapo, lakini uwanja ukijaa, kila gunia jipya linapofika lazima jingine libebwe kurudishwa ghalani, na likihitajika tena lazima libebwe kuletwa. Wapagazi wakiwa wepesi, mkulima hatambui kitu. Wakiwa wazito, foleni hufika barabarani. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo: programu zikizidi nafasi, mfumo endeshi, kama vile Windows, huhamishia sehemu ya data kwenye faili maalumu ndani ya diski na kuirudisha inapohitajika. Diski ya kuzunguka iliyomo katika kompyuta mpakato nyingi za zamani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na kichwa chake cha kusomea hulazimika kusogea na kusubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Kila safari ya namna hiyo humeza takriban sehemu ya mia moja ya sekunde, ilhali kumbukumbu hujibu kwa muda unaohesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde. Ndiyo maana taa ndogo ya diski huwaka mfululizo na mshale ukaganda, huku kichakataji chenyewe, yaani CPU, kimekaa bila kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, pima. Fungua kazi zako zote kama unavyozifungua siku ya kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili upate dirisha la Task Manager, na utazame sehemu ya Performance. Kumbukumbu ikiwa imejaa karibu yote na diski ikisoma asilimia 100 wakati kichakataji kiko chini, tatizo ni wapagazi na uwanja. Ikiwa kichakataji ndicho kinachosoma asilimia 100 muda wote, kuongeza kumbukumbu hakutakusaidia sana, na hapo uangalie kwanza ni programu gani inayokila. Joto nalo lisisahaulike katika mji kama wetu: kichakataji kikipata moto hujipunguzia kasi chenyewe, na mashine inayowekwa juu ya godoro, huku feni yake ikiwa imezibwa na vumbi, itakuwa nzito hata ingekuwa na GB 16.

Fedha ya kwanza iende kwenye diski. Watu wengi hushangaa nikisema hivi, kwa sababu wamekuja wakilia kumbukumbu ndogo, lakini SSD, yaani diski inayohifadhi data ndani ya chipu, haina kitu kinachozunguka wala kichwa kinachosogea, na hivyo safari za kwenda ghalani, ambazo huwezi kuzimaliza kabisa, zinakuwa fupi mno. SSD ya kawaida ya inchi 2.5 inayotumia waya wa SATA huingia katika nafasi ileile ya diski ya zamani, na ya GB 240 inamtosha katibu au mwalimu. Zingatia jambo moja: mashine nyingi mpya za bei ya chini zina hifadhi ya eMMC ya GB 32 au 64 iliyochomelewa kwenye bodi, na hiyo haibadilishwi. Mwenye mashine ya namna hiyo ajitahidi hifadhi yake isijae, kwa kuwa mfumo endeshi unahitaji nafasi tupu ya kuhamishia magunia.

Kumbukumbu yenyewe ifuate. Katika ukurasa uleule wa Task Manager, chini ya Memory, utaona maandishi ya Slots used; ukikuta 1 of 2, una tundu moja tupu, na kuongeza kijiti cha GB 4 kutakufikisha GB 8 bila kutupa ulichonacho. Lakini usiende dukani kwa kusema tu “nataka RAM ya laptopu”. RAM ina vizazi: DDR3 haiingii katika tundu la DDR4, na hata ndani ya DDR3 kuna ile ya volti 1.5 na ile ya volti 1.35, inayoandikwa DDR3L, na mashine nyingi zinazotaka ya pili hazitawaka ukizipa ya kwanza. Niliwahi kuagiza kijiti kwa basi kutoka Dar es Salaam bila kuitazama hiyo herufi L, na kimekaa kwenye droo yangu mpaka leo. Chomoa kijiti cha zamani, kipige picha upande wenye maandishi, uende na picha hiyo. Na kwa kuwa huku pwani unyevu hushambulia viungo vya chuma, kabla ya kuamua kwamba kijiti kimekufa, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, ukirudishe na ujaribu tena. Baadhi ya mashine zilizoletwa kwangu zikiwa “zimekufa” zilifufukia hapo.

Asiye na fedha ana kazi nyingi ya kufanya vilevile. Afungue sehemu ya Startup katika Task Manager na azime kila kitu asichokitumia mara tu mashine inapowaka: programu za mazungumzo, za kusasisha printa, za muziki. Kuzizima huku hakuzifuti. Atazifungua mwenyewe akizihitaji. Aondoe kinga ya pili dhidi ya virusi, kwa kuwa Windows inakuja na Microsoft Defender. Asipakue kabisa zile programu zinazojitangaza kuwa zinaongeza kasi, kwa sababu nazo hukaa ndani ya kumbukumbu ileile zinayodai kuisafisha. Na badala ya kuzima na kuwasha, achague Restart angalau mara moja kwa siku chache: katika Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili uwake haraka kesho yake, hivyo uchafu wa jana unaamka pamoja nao, ilhali Restart huanza upya.

Kivinjari ndicho mlaji mkubwa, kwa maana kila kichupo, yaani tab, kilichofunguliwa huchukua fungu lake. Vichupo vitano vinavumilika. Ishirini na tano havivumiliki. Chrome na Edge zina mipangilio ya kulaza vichupo visivyotazamwa, nayo iwashwe.

Mlaji wa pili huwa hashukiwi. Mwaka fulani alinijia mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi upande wa Tandahimba, akiwa ameifunga mashine yake kwa khanga ndani ya mfuko. “Kijana wangu,” akasema, “daftari la wakulima halifunguki, na wanataka malipo.” Daftari hilo la Excel lilikuwa na wakulima wasiozidi mia tisa, lakini faili lilikuwa na MB 38. Nilibonyeza Ctrl na End, na mshale ukaruka hadi mstari wa 1,048,576, ambao ndio wa mwisho kabisa katika Excel. Mtu alikuwa ameipaka rangi na kuiwekea mipaka karatasi nzima, hata mistari isiyo na jina la mkulima yeyote, na mashine ilikuwa ikiibeba yote. Tuliichagua mistari mitupu kuanzia chini ya jina la mwisho, tukaifuta yenyewe kwa amri ya Delete, maana kufuta yaliyomo peke yake hakutoshi, tukahifadhi. Faili likashuka chini ya MB 1 na kufunguka kabla mzee hajakaa vizuri kwenye benchi. Sikumuuzia kitu siku hiyo.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka sana ambao naukataa: kwamba ulizime lile faili la diski linalopokea data iliyozidi, ili kompyuta “ilazimike” kutumia kumbukumbu. Nililizima kwenye mashine yangu ya GB 4 wakati bado najifunza, na jioni yake orodha niliyokuwa nikiiandika ilipotea, kwa sababu kumbukumbu ilijaa, hapakuwa na pa kuhamishia, na programu ikafungwa ghafla. Uache mfumo ulipange faili hilo wenyewe.

Kuhusu mfumo endeshi, Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai GB 4 kama kiwango cha chini pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho mashine nyingi za mtumba hazina. Kwa mashine za namna hiyo mimi huweka mfumo endeshi mwingine wa familia ya Linux: Linux Mint yenye mazingira ya Xfce, yaani sura ya dirisha na menyu, ambayo ni mepesi, au Lubuntu ikiwa kumbukumbu ni GB 2. Zote ni za bure, na zote unaweza kuzijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya diski, ingawa zikiwa kwenye flashi huwa nzito kuliko zitakavyokuwa zikishawekwa. Baada ya kuiweka, washa zram, ambayo hubana data isiyotumika ndani ya kumbukumbu yenyewe kabla ya kuipeleka kwenye diski. Windows 10 na 11 zina ubanaji wa aina hiyo tayari. Yule ambaye kazi yake inategemea faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, abaki Windows, kwa kuwa LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, haiziendeshi zote sawasawa.

Anayetumia intaneti ya simu aiambie Windows kwamba muunganisho huo ni wa kulipiwa kwa kiasi, yaani Metered connection, ili masasisho makubwa yasipakuliwe katikati ya kazi na kumaliza bando. Kisha ayapakue kwa makusudi siku atakapopata intaneti ya ofisini au chuoni, kwa sababu kuyaacha kabisa ni hatari kwa usalama.

Hata baada ya yote hayo, mkutano wa video pamoja na daftari kubwa la hesabu havikai vizuri ndani ya GB 4 kwa wakati mmoja. Yule mzee wa Tandahimba amepata njia yake: mkutano huuingia kwa simu, ambayo huiegemeza kwenye chupa ya maji, na kompyuta huiachia daftari peke yake.