Fonti nyembamba ndefu zenye vimkia: jinsi ya kuzitumia kwenye lebo na kadi

Wadau wa steshenari na mnaotengeneza kadi hapa Tabora, leo tuongelee zile fonti ndefu zilizobanana zenye vimkia kwenye miisho, zile za majarida ya fasheni na chupa za manukato. Nazipenda sana hizi herufi na inaniuma zikitumika vibaya.

Sura yake iko hivi: mstari wa kusimama mnene, wa kulala mwembamba mno, halafu upana umebanwa mpaka herufi inaonekana imerefuka. Huo mchezo wa mnene na mwembamba walioupa umaarufu ni wachapaji Didot kule Paris na Bodoni kule Parma, Italia, mwishoni mwa miaka ya 1700. Apple nao kuanzia 1984 walitumia fonti ya Garamond iliyobanwa kwa miaka mingi.

Sisi zinatufaa kwa sababu maneno yetu ni marefu. Jaribu kuandika TUNAWAKARIBISHA kwenye kadi ya sendofu kwa fonti ya kawaida, itabidi uipunguze mpaka haina mvuto, ila kwa hii linakaa mstari mmoja na bado kubwa. Lebo ya asali ya Sikonge vilevile, ile chupa ya nusu kilo haina upana wa kuchezea.

Sasa kitu cha kwanza, usichukue Times New Roman ukaivuta pembeni iwe nyembamba! Ukiibana hadi asilimia 70, mistari ya kusimama nayo inakonda hivyohivyo wakati ya kulala inabaki na unene wake, yani herufi inapoteza uwiano na jicho linashtuka hata kama mteja hajui kwanini. Pakua iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, mfano Instrument Serif, iko kwenye tovuti ya Google Fonts bure na kwa biashara unaruhusiwa.

Itumie kwa maneno machache makubwa tu: jina la asali, majina ya maharusi, kichwa cha bango. Ukumbi, saa, namba za simu, weka fonti ya kawaida isiyo na vimkia. Andika "nyumbani" kwa hizi herufi zikiwa ndogo uone, n, u, m zinajipanga kama fito za uzio na msomaji anahesabu miguu badala ya kusoma. Ukitumia herufi kubwa zote ongeza nafasi kidogo kati yake, zikiwa ndogo acha kama zilivyo, na mistari miwili ya kichwa isogeze karibu karibu, ikiachana sana inaonekana kama vitu viwili tofauti.

Angalia pia mashine. Maandishi meupe juu ya rangi nzito, wino unatambaa na ile mistari myembamba inazibika, kwahiyo hapo chagua uzito mnene zaidi au geuza rangi. Kabla ya kuchapa stika mia printi moja kwa saizi yake halisi, ibandike kwenye chupa, rudi nyuma hatua tatu usome. Kwenye skrini umeikuza, itakudanganya.

Halafu kama duka liko Ng’ambo, tafadhali ile alama ya ng’ weka iliyopinda na sio ile kijiti iliyonyooka, kwenye fonti hizi inaonekana wazi kabisa. Kwenye kompyuta ya Windows shika Alt uandike 0146 kwa namba za pembeni, kwenye simu bonyeza ile alama uishikilie, zitatokea za kuchagua.