Mabuti ya ngozi ya minimalisti: jinsi ya kuyafanya yadumu na yasiingize maji (gundi kwanza, nta baadaye)

Habari zenu wakuu. Nimeulizwa sana kuhusu haya mabuti ya ngozi ya minimalisti, yale ya soli nyembamba, kisigino na vidole levo moja, mbele mapana mguu unajiachia, kwamba ni matamu sana kupandia milima ila yanachoka haraka na yanaingiza maji. Mi natembea nayo miaka sita sasa, hii ni jozi ya tatu, na hapa nawaeleza yale ninayofanya kwa jozi zangu.

Kwanza tuelewane yanavyokufa. Buti zito la kawaida soli yake ni ngumu, ukikanyaga halikunjiki sana, kwa hiyo ngozi ya juu inapumzika. Haya yetu soli ni milimita 4 mpaka 8 hivi, linakunjika kila hatua, tena sehemu ile ile, pale vidole vinapoanzia, na ngozi yenyewe mara nyingi ni milimita 1.5 hadi 2 tu. Ule mkunjo ndo unapasuka kwanza. Halafu maji nayo hayapiti kwenye ngozi kama watu wanavyodhani, yanapita kwenye matundu ya sindano na pale soli inapokutana na ngozi, tena muda mrefu kabla ngozi yenyewe haijalowa. Sasa mtu anapaka mafuta mpaka buti linang'aa kama kioo, kesho soksi chapachapa, anasema ngozi mbovu. Ngozi haina kosa.

Na kosa kubwa kuliko yote ni mpangilio. Ukianza na nta, gundi haitashika tena. Jozi yangu ya kwanza niliipaka nta vizuri kabisa, wiki mbili baadaye nikaona nizibe mishono kwa gundi, ikakauka safi, siku ya tatu njiani ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, nikaivuta kwa kucha ikatoka utepe mzima urefu wa kidole, na chini yake uzi ulikuwa mbichi kwa maji. Iliniuma sana maana jozi ile ilikuwa na mguu mzuri mno.

Hatua ya 1: tafuta panapovuja

Usikisie. Toa soli ya ndani, jaza karatasi kavu za chooni au magazeti mpaka zibane kwenye pua, pembeni na kisigino. Weka beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 hivi, simamisha buti humo dakika 15, ukiwa unalikunja kwa mkono mara kwa mara kama vile linatembea, hili la kukunja ni la lazima maana matundu yanafunguka pale ngozi inapovutika. Kisha toa karatasi taratibu moja moja uangalie ipi imelowa na ilikuwa wapi. Kwenye jozi niliyonayo sasa la kulia lilikuwa kavu kabisa, la kushoto doa lilikuwa dogo kama kidole gumba, upande wa ndani, pale mishono miwili inapopishana juu kidogo ya soli. Tundu moja tu la sindano lilikuwa pana kuliko mengine. Nimetembea miezi mingi na mguu wa kushoto uliolowa kwa sababu ya tundu moja.

Weka alama kwa penseli, halafu acha buti likauke lenyewe siku mbili, kivulini, penye hewa.

Hatua ya 2: safisha

Toa kamba. Vumbi lote kwenye mikunjo na kwenye mfereji kati ya ngozi na soli litoke kwa mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya ngozi. Tope likikaukia kwenye ngozi linanyonya unyevu wake, na zile chembe za mchanga zikibaki kwenye mkunjo zinafanya kazi kama msasa kila unapopiga hatua. Kausha tena. Sehemu utakazopaka gundi, zifute kwa spiriti kwenye kitambaa cheupe, ukijaribu kwanza sehemu iliyojificha maana rangi nyingine inatoka.

Hatua ya 3: mishono na pua

Hapa chukua muda wako wote, ndo roho ya somo lenyewe. Tumia gundi ya yurethani inayobaki laini kama mpira ikikauka. Usitumie ile ya kukauka sekunde, inakuwa kama kioo, ukikunja mara mbili tatu inavunjika na vipande vyake vinakata uzi. Fanya kazi penye hewa na vaa glavu.

Bonyeza kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye ncha ya kijiti cha meno, pitisha juu ya uzi tundu kwa tundu, ukiisukuma iingie ndani sio ikae juu tu. Mstari uwe mwembamba, upana wa milimita 3 unatosha. Ukimaliza mishono ya juu, fuata mzunguko wote pale ngozi inapokutana na soli. Kama soli yako imeshonwa na unaona uzi kwa chini, paka na kwenye ule mfereji wa uzi, maana soli nyembamba ikisagika kidogo tu uzi unaanza kugusa mawe na ukikatika sehemu moja jirani zake wanafuata.

Pua sasa. Haya mabuti mengi hayana kile kingo cha mpira mbele, so kila jiwe unalopiga teke linapiga ngozi moja kwa moja. Bandika utepe wa karatasi kuweka mpaka, sugua ngozi taratibu kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao uondoke, paka gundi ile ile tabaka mbili nyembamba kwa kadi ya plastiki, utepe uubandue kabla haijakauka. Ishia sentimita 1 kabla ya mkunjo. Ukiivusha mpaka kwenye mkunjo, ukingo wa gundi unakuwa ndo bawaba mpya na ngozi itapasuka hapo hapo.

Iache saa 24. Gundi hizi nyingi zinakaushwa na unyevu wa hewani, kwa hiyo tyubu ukishaifungua itagandia ndani, mi yangu nafunga vizuri naiweka kwenye friza.

Hatua ya 4: soli iliyoanza kuachia

Kama haijaachia ruka. Kama imeachia, ifungue mpaka pale inapokataa, sugua pande zote mbili kwa msasa, futa vumbi, paka gundi ya viatu pande zote mbili, tabaka mbili, subiri dakika 10 mpaka 15 mpaka ukigusa haikushiki kidole, pasha kidogo kwa draya ya nywele, kandamiza, gonga kwa nyundo ya mpira. Wengi wanabandika ikiwa bado mbichi, ndo maana inaachia tena.

Hatua ya 5: nta

Sasa ndo nta. Mi nachanganya mwenyewe: nta ya nyuki sehemu 2, lanolini yaani mafuta ya sufu sehemu 1, mafuta ya jojoba sehemu 1. Nta inazuia maji, lanolini inazama kwenye nyuzi za ngozi na kuzifanya ziteleze zisisagane, jojoba inalegeza mchanganyiko. Yeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 za Selsiasi, kwa hiyo huna haja ya moto mkali, na usiiweke moja kwa moja kwenye moto maana inawaka. Dondosha tone kwenye sahani baridi, likiganda gumu la kukwaruzika ongeza mafuta, likibaki kama uji ongeza nta.

Pasha ngozi kwa draya ukiwa mbali kama shubiri moja, iwe vuguvugu tu, mkono wako uvumilie bila shida. Paka kwa vidole, tabaka jembamba sana, usuguesugue mpaka ipotee. Mkunjoni na kwenye ulimi wa kiatu rudia mara ya pili. Iache usiku kucha, asubuhi futa iliyobaki, piga brashi. Basi. Kupaka nyingi sio kuilinda, ngozi iliyoshiba mafuta inalegea, inavutika, na kwenye buti ambalo halina mifupa ndani kama haya yetu, ngozi ikilegea mguu unaanza kuogelea.

Rudia nta pale tu matone ya maji yanapoacha kuviringika na kuanza kuacha madoa meusi. Sio kila safari.

Hatua ya 6: kukausha

Moto na jua kali hapana. Ngozi iliyolowa inavumilia joto kidogo sana kuliko ile kavu, nyuzi zake zinajikunja, inasinyaa, inakuwa kama ubao, na hairudi. Jaza magazeti, badilisha baada ya saa moja, halafu tena jioni, acha siku mbili.

---

MASWALI

Kipara_wa_Njia: Mkuu shukrani kwa somo. Yangu ni ya nubaki, ile yenye kama manyoya manyoya, nta inafaa?

Jibu: Inafaa kwa maana ya kuzuia maji, lakini manyoya yatalala, rangi itakuwa nyeusi zaidi na hutaweza kurudisha. Kama unaipenda ilivyo, tumia ile dawa ya kupuliza ya kuzuia maji, kisha piga brashi ikikauka. Mishono lakini ziba kama kawaida, gundi kwa kijiti, mkono utulie maana ikidondoka kwenye nubaki haitoki.

Mama Pacha: Mi nina swali tofauti, nimefanya ule mtihani wa beseni karatasi zote kavu, lakini nikitembea saa tatu soksi zimelowa, sasa maji yanatoka wapi

Jibu: Dada hayo mara nyingi ni jasho. Ngozi ikibebeshwa nta nyingi haipumui vizuri, na kama soksi ni za pamba zinashika unyevu zinakaa nao. Vaa za sufu nyembamba, uwe na jozi ya pili ya kubadilisha njiani, na nta uipunguze pembeni ubakize mkunjoni na kwenye mishono. Angalia pia ulimi, kama haujashonwa pembeni mpaka juu, maji yanaingilia hapo ukipita kwenye majani yenye umande, na beseni la sentimita 3 halitakuonyesha hilo.

Kipara_wa_Njia: Na kama lina utando wa ndani wa kuzuia maji?

Jibu: Hapo usipake mchanganyiko wangu mzito, utaziba ngozi na utando utakosa kazi. Paka dawa ya kuzuia maji, nyepesi, tena ngozi ikiwa mbichi kidogo kama maelekezo yake yanavyosema.

Fundi Mstaafu: Niongezee hapo mkuu. Mimi nimeshona viatu miaka mingi, watu wanaleta mabuti yamepakwa dawa ya silikoni halafu wanataka soli mpya, gundi haishiki hata usugue vipi. Kama mtu ana mpango wa kubadilisha soli baadaye, silikoni ikae mbali na ukingo wa chini.

Jibu: Asante sana mzee wangu, hilo kweli kabisa, na haya mabuti soli lazima ubadilishe, ni nyembamba.

Chui_mdogo: Kaka vaselini je? ndo niliyonayo nyumbani

Jibu: Itazuia maji siku moja mbili, halafu inakusanya vumbi na kutoka. Ni laini mno, haikai juu kama nta ya nyuki. Bora usubiri upate nta. Na mafuta ya kupikia usijaribu, yanachacha, buti litanuka.

Mama Pacha: Samahani narudi tena, baada ya kupaka nikaweka kabatini wiki mbili nimekuta weupe weupe juu. Ni ukungu?

Jibu: Pitisha draya. Weupe ukiyeyuka na kupotea, hiyo ni nta na mafuta vimepanda juu kwa baridi, piga brashi endelea. Usipoyeyuka, au ukisikia harufu ya uvundo, ni ukungu, futa kwa siki na maji nusu kwa nusu, kausha nje kivulini, na usirudishe kabatini mpaka soli ya ndani nayo ikauke kabisa.

Chui_mdogo: La mwisho kaka. La kwangu mkunjo umeshapasuka, ufa mdogo kama ukucha, naona mwanga ukipita. Nishone?

Jibu: Usishone! Kila tundu la sindano kwenye mkunjo ni mwanzo wa ufa mwingine. Tafuta kipande cha ngozi laini, milimita 1 au chini, kikate mviringo bila kona, kingo zake zikunwe mpaka ziwe nyembamba kama karatasi ili zisikukwaruze mguu. Kibandike kwa ndani na gundi ya viatu buti likiwa limekunjwa nusu, sio limenyooka, vinginevyo ukilikunja kitabanduka. Ufa wa nje ujaze gundi ya yurethani kwa kijiti. La kwangu la jozi ya pili nililiziba hivyo, likaenda misimu miwili mingine. Ukikwama kukuna kingo mpe fundi viatu, yeye ana kisu chake cha kazi hiyo, dakika tano anamaliza.