SOMO: Picha za cosplay ya Link hapa Mwanza, kuanzia nguo mpaka jiweni

Wakuu habari zenu. Kwa wageni, cosplay ni kuvaa na kujipamba kama mhusika wa gemu au filamu. Kila wiki naulizwa inbox "zile picha za Link ulifanyaje", namjibu mmoja leo kesho anakuja mwingine na lile lile, kwa hiyo naweka yote hapa. Namzungumzia Link, shujaa wa Breath of the Wild, gemu la Nintendo la 2017, yule wa shati la bluu, sio wa kofia ya kijani. Gemu zima ni kupanda miamba, na miamba sisi tunayo bure kila kona, ndio maana nasema mtu wa Mwanza akianza cosplay aanze na huyu.

1. Piga skrinishoti za mbele, nyuma na ubavuni, uzichapishe. Fundi cherehani usimpe maelezo ya mdomo.

2. Shati: bluu ya kupauka, kitambaa kisichong'aa. Satini hapana. Mikanda, buti na mkoba nenda Mlango Mmoja kwenye mitumba, chagua ngozi iliyochakaa maana jamaa analala porini. Ile michoro myeupe ya kifuani ichorwe kabla mabega hayajashonwa.

3. Wigi likatwe ukiwa umelivaa. Pasi ya moto mbali, zile nywele ni plastiki.

4. Ngao na upanga, HAPA SOMENI POLEPOLE. Tumia mkeka wa sponji wa watoto, ule wa kuunganisha vipande, na ndani ya upanga weka paipu nyembamba ya plastiki usije ukapinda. Kwanza pasha sponji kwa bloa, hiyo ya mafundi simu, mpaka uso wake uanze kung'aa kidogo, hapo vitundu vinaziba na unaweza kuikunja ikapoa na umbo lake. Gundi ni ile ya mafundi viatu: paka pande ZOTE mbili halafu acha, ukigusa isipong'ang'ania kidole ndio unabana, na ubane sawa mara ya kwanza maana ukishagusisha hakuna kusogeza. Watu wanabana ikiwa mbichi, nyumbani inaonekana imeshika, wakifika jiweni jua likapiga kidogo ngao inaachia ukingo mzima. Ikishakauka paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, mikono kadhaa, kila mmoja ukauke, ndio uje na rangi. Ukiruka hapo sponji inanyonya rangi na ukiikunja tu inapasuka. Angalizo: fanyeni nje, ule moshi na harufu ya gundi sio vya chumbani. Lile boksi jeupe la kwenye katoni za TV msilipulizie rangi ya kopo, linayeyuka mbele ya macho yako. Na usiache ngao kwenye gari lililopaki juani, inarudi bapa.

5. Mahali: Capri Point au Bwiru. Jiwe la Bismarck lipo majini, lichukueni kama mandhari mkiwa ufukweni. Saanane ni hifadhi ya taifa, kuna kiingilio, na kibali cha picha uliza kwanza.

6. Muda: saa kumi na moja jioni mpaka jua linazama. Upande wetu jua linazamia ziwani kwa hiyo linakaa nyuma ya mhusika, sasa mwanga wa kamera upimie USONI usiupimie maji, la sivyo unapata kivuli chenye upanga. Mwenzako ashike shuka jeupe mbele yako lirudishe mwanga.

MASWALI

Swali: Mkuu gundi gani?
Jibu: Namba 4.

Swali: Jumla shilingi ngapi?
Jibu: Inategemea una nini nyumbani. Buti unazo? Wigi unalo? Andika orodha yako ndio uulize.

Swali: Link mbona mweupe, kwa sisi haitoki vizuri.
Jibu: Link ni Mhylia, watu wa kubuni wa kwenye gemu, anatambulika kwa masikio marefu, shati na upanga. Usijipake poda ya kupauka, jioni ile ngozi yetu inashika rangi ya jua vizuri mno. Picha zangu umeziona, sema kipi hakijatoka.

Swali: Mimi natumia kushoto, nimeona picha za zamani Link anashika upanga kushoto, nifuate ipi?
Jibu: Swali zuri sana dada. Magemu ya zamani Link ni wa kushoto kweli. Gemu lake la Twilight Princess la 2006 lilipotoka kwenye Wii, mashine ya Nintendo ya kuchezea kwa kuzungusha rimoti, wakamgeuza wa kulia kwa sababu wachezaji wengi wanazungusha rimoti kwa mkono wa kulia, na wakageuza ramani nzima kama kwenye kioo. Huyu wa 2017 ni wa kulia. Ukiushika upanga kushoto vaa ile kanzu ya kijani ya zamani, utakuwa sahihi kabisa.

Swali: Naweza kuingia majini kidogo nipate rifleksheni?
Jibu: Kichocho kipo ndugu yangu, na mawe ya ukingoni yana utelezi. Mvua ikinyesha tafuta dimbwi juu ya jiwe, shusha kamera mpaka iguse jiwe, ziwa lote linaingia humo.

Swali: Masikio umebandika na nini?
Jibu: Gundi ya kope za bandia. Jaribu kwanza mkononi siku moja kabla, na futa mafuta nyuma ya sikio la sivyo jasho linayang'oa.

Swali: Upanga kwenye daladala hawakukusumbua?
Jibu: Funga na khanga, mpini uache wazi kondakta aone ni sponji. Boda usipande nao mgongoni, upepo wa barabara ya Airport unaupinda.