SOMO: Chokaa iliyozimwa, tabia zake na jinsi ya kuitumia bila kuungua wala kupoteza hela

Wadau, chokaa iliyozimwa ni ule unga mweupe laini wa kwenye mifuko, kikemia unaitwa kalsiamu hidroksaidi, na ukishaelewa mambo mawili tu kuhusu huo unga basi matumizi yake yote yanakuwa mepesi. La kwanza, ni alkali kali, maji yaliyoshiba chokaa yanafika pH (kipimo cha tindikali na alkali, 7 ndo katikati) kama 12.4, ndo maana inaua ukungu na vijidudu, inatuliza udongo wenye tindikali, na ndo maana pia inaunguza ngozi na macho. La pili, inavuta hewa ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe. Hili la pili wengi hawalijui, mtu anapaka ukuta leo bila kuipa nafasi ya kugeuka jiwe, wiki ijayo akiuegemea shati lote jeupe, lawama anabebeshwa fundi.

Kwa ufupi inavyotokea ni hivi: jiwe la chokaa linachomwa tanurini kwenye joto la nyuzi 900 hivi, kilo 100 za jiwe safi zinapoteza kilo 44 za hewa ukaa, zinabaki kilo 56 za chokaa ambayo haijazimwa. Hiyo ukiikutanisha na maji inachemka yenyewe bila moto, inapasuka na kutoa mvuke, inashika kilo 18 za maji na unapata kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Ukiipaka ukutani inaachia yale maji na kuchukua tena zile kilo 44 za hewa ukaa, inakuwa jiwe lilelile la mwanzo. Mi naona huu ndo uzuri wake mkubwa, rangi nyingine zinakauka tu juu ya ukuta, hii inageuka kuwa sehemu ya ukuta.

HATUA YA 1: Jua ulichonunua
Chukua kijiko kimoja weka kwenye kikombe chenye maji ya baridi, siyo cha alumini, na usiinamie juu yake. Ikipata moto kweli kweli na kutoa mvuke hiyo haijazimwa, usiiguse kienyeji. Ikitulia, chukua kijiko kingine dondoshea siki. Chokaa nzuri inayeyuka bila fujo, ikitoa mapovu mengi ujue imeshakaa sana hewani na sehemu kubwa imerudi kuwa jiwe, yaani unapaka vumbi la jiwe, haitashika hata ufanyeje. Ndo sababu mfuko uliopasuka au uliofunguliwa muda mrefu mi siuchukui hata nikipunguziwa bei.

HATUA YA 2: Jikinge
Glavu za mpira, miwani ya kuziba pembeni, mikono mirefu, na kitambaa au barakoa wakati wa kumimina unga maana vumbi lake linachoma pua na koo. Ndoo ya maji safi iwe karibu muda wote. Jicho ndo la kuogopa kuliko vyote, alkali haibaki juu juu, inaendelea kuzama ndani ya jicho wakati wewe unadhani imeisha.

HATUA YA 3: Loweka
Weka maji kwenye ndoo ya plastiki kwanza, halafu mimina chokaa kidogo kidogo huku unakoroga mpaka ipate uzito wa uji mzito. Acha usiku mzima, siku kadhaa ni bora zaidi, kikubwa juu yake pawe na maji yanayoifunika muda wote, kwa sababu maji ndo yanazuia hewa ukaa isiifikie. Ikikaa hivyo na ndoo imefunikwa inadumu miezi na inazidi kuwa laini. Wakati wa kutumia ichuje kwa chekeche au wavu mwembamba uondoe vijiwe.

HATUA YA 4: Andaa ukuta
Hapa usiwe na haraka. Chokaa inataka ukuta unaokunywa maji: tofali, plasta ya udongo au ya saruji, jiwe, chokaa ya zamani iliyosuguliwa. Ukuta wenye rangi ya mafuta au ya plastiki haushiki, itabanduka vipande vipande, aidha ukwangue yote au uachane na wazo hilo. Piga brashi kavu utoe vumbi, kisha ulowanishe kwa maji. Uwe na unyevu, usiwe unachuruzika. Ukipaka juu ya ukuta mkavu, ukuta unafyonza maji yote kwa dakika chache na chokaa inabaki unga, maana bila unyevu haiwezi kuvuta hiyo hewa ukaa ya kuigeuza jiwe.

HATUA YA 5: Paka
Ongeza maji kwenye ule uji mpaka uwe mwepesi kama maziwa. Ndiyo, maziwa, siyo mtindi! Kila mtu akiona inavyopita ukutani kama maji anaogopa na kuongeza unga. Usiongeze. Ikiwa mbichi inaonekana kama haijapaka kitu, unaona ukuta wa chini wote, halafu inavyokauka weupe unaibuka taratibu. Kwa brashi pana paka mikono mitatu au minne myembamba, kila mkono upe siku nzima, na kabla ya mkono unaofuata nyunyizia ukuta maji kidogo. Koroga ndoo kila mara kwa sababu chokaa inatuama chini. Usipake kwenye jua kali wala upepo mkali, fuata kivuli. Mkono mmoja mnene unapasuka na kubanduka, mikono minne myembamba unakaa nayo miaka. Ukitaka rangi, tumia rangi za madini kama oksaidi ya chuma, rangi nyingine nyingi zinaliwa na alkali na kupauka.

MATUMIZI MENGINE
Maji ya chokaa kwa walimu na wanafunzi: kijiko cha chai ndani ya lita moja ya maji, tikisa, acha ituame, mimina yale maji maangavu ya juu. Lita moja inayeyusha gramu 1.7 hivi tu, nyingine inabaki chini, na cha kushangaza maji yakipashwa moto inayeyuka kidogo zaidi, ndo maana ukiyachemsha yanaanza kuchafuka. Puliza ndani kwa mrija (puliza, usivute!) yatageuka meupe, hiyo ni hewa ukaa ya pumzi yako imetengeneza jiwe mbele ya macho yako. Endelea kupuliza yatarudi kuwa maangavu. Kazi hiyohiyo, kwa mwendo wa polepole sana, ndo inayochonga mapango ya mawe ya chokaa.

Dawa ya ukungu wa mimea: hii ilianzia kwenye mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885 mtaalamu wa mimea Millardet akaitangaza. Kwa lita 10 za maji, mrututu (salfeti ya shaba, ile ya buluu) gramu 100 na chokaa iliyozimwa gramu 100. Koroga kila kimoja na sehemu ya maji hayo kwenye ndoo yake ya plastiki, kisha mimina mrututu taratibu kwenye maziwa ya chokaa, siyo kinyume chake, huku unakoroga. Chovya msumari safi kwa dakika moja, ukitoka na wekundu wa shaba chokaa haijatosha, ongeza. Tumia siku hiyohiyo.

Mota na plasta: sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa kwa tatu za mchanga safi. Inakauka taratibu kuliko saruji lakini inavumilia ukuta unaocheza kidogo na inaacha unyevu utoke.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, nimesikia ukiweka chumvi inashika zaidi, ni kweli?
Jibu: Chumvi inasaidia kwa sababu inashikilia unyevu, chokaa inapata muda wa kugeuka jiwe. Ila mi siipendi kwenye nyumba, chumvi inaendelea kuvuta unyevu hata baadaye, na kama kuna nondo au misumari ndani inaozesha chuma. Kwa banda au uzio wa mbao weka kiasi, kwa ukuta wa nyumba nyunyizia maji tu.

Swali: Kaka samahani, mtoto akiingiwa na chokaa jichoni nifanyeje? Wengine wanasema siki maana ni tindikali.
Jibu: Dada, usiweke siki kabisa! Maji safi yanayotiririka hapohapo, fungua kope, toa na vipande vya chokaa vilivyojificha chini ya kope, endelea dakika 20 au 30 bila kukatisha, kisha hospitali hata kama anasema hapaumi tena. Njiani endelea kumwagia kama inawezekana.

Swali: Naweza kuchanganya na mbolea nikamwaga shambani mara moja nipunguze kazi?
Jibu: Hapana ndugu. Ikikutana na mbolea zenye amonia kama DAP au SA, au hata samadi mbichi, naitrojeni inapaa kama gesi, ile harufu kali unayoisikia ndo hela yako inaondoka. Pima pH ya udongo kwanza, kama kweli una tindikali tawanya chokaa na uichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, mbolea ije baadaye. Halafu kumbuka hii ina nguvu kuliko jiwe la chokaa lililosagwa, kilo 74 zinafanya kazi ya kilo 100, ukizidisha mimea inakosa chuma na zinki na majani yanakuwa ya njano.

Swali: Chooni je?
Jibu: Choo cha shimo nyunyizia, inapunguza harufu na inzi. Kwenye septiki usiweke, utaua bakteria wanaokufanyia kazi humo.

Swali: Mi kuna kitu sielewi, chokaa ni kalsiamu, na maji magumu yanaletwa na kalsiamu hiyohiyo, sasa mitambo ya maji inawekaje chokaa ili ipunguze ugumu?
Jibu: Swali zuri sana hili. Kalsiamu ya kwenye maji magumu mara nyingi imeyeyuka kwa msaada wa hewa ukaa, ni baikaboneti. Chokaa inainyang'anya ule msaada, kwa hiyo kalsiamu iliyokuwemo pamoja na ile uliyoongeza zote zinageuka jiwe na kutuama chini, juu yanabaki maji laini. Ila kipimo kikizidi unaongeza ugumu badala ya kupunguza, na pH inapanda, kwa hiyo maji ya kunywa waachie wenye vipimo.

Swali: Nina sufuria la zamani la alumini, nilowekee humo?
Jibu: Usithubutu. Chokaa inakula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Ndoo ya plastiki inatosha.