Jinsi ya kuichambua namba kubwa: mfano wa 720,720

Ukitaka kujua tabia za namba nzima kubwa, tafuta kwanza vigawo vyake tasa. Ukishavipata, kazi iliyobaki ni kuzidisha na kujumlisha.

Chukua 720,720. Usikimbilie kugawa, itazame kwanza: tarakimu tatu za mwanzo zimejirudia. Namba yoyote ya sura hiyo ni tarakimu hizo tatu mara 1,001, kwa hiyo tuna 720 × 1,001. Gawa 720 kwa 2 hadi ikatae: 360, 180, 90, 45. Hapo 2 imeingia mara nne, na 45 ni 3 × 3 × 5. Wengi hukwama kwenye 1,001. Wakiona haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5 huidhania tasa. Jaribu 7, utapata 143. Kipeuo cha pili cha 143 hakifiki 12, basi huna haja ya kuvuka 11. Nayo 11 inakubali: 143 ni 11 × 13.

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Kupata idadi ya vigawo, ongeza 1 kwenye kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 4 katika 2⁴) kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Angalia hapa: namba tasa isiyoandikiwa kipeo ina kipeo 1, si 0. Ukikosea hilo utaambulia 15.

Kwa jumla ya vigawo, kila namba tasa ina mabano yake, kuanzia 1 hadi kipeo chake cha juu. Ya 2 ni (1 + 2 + 4 + 8 + 16) = 31, ya 3 ni (1 + 3 + 9) = 13, nyingine ni 6, 8, 12 na 14. Zidisha zote: 3,249,792. Toa namba yenyewe, inabaki 2,529,072.

Sasa iainishe. Ni shufwa. Si namba mraba, maana vipeo vya 5, 7, 11 na 13 ni witiri. Izidishe kwa 5,005 nayo inakuwa mraba wa 60,060. Vigawo vyake vingine vikijumlishwa vinaizidi mara tatu na zaidi, ilhali vya 28 vinalingana nayo sawasawa. Ndiyo namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Tena hakuna namba iliyo chini yake yenye vigawo 240 au zaidi. Namba za aina hiyo ndizo mwanahisabati wa India, Ramanujan, alizoandikia makala ndefu mwaka 1915.

Jihadhari na jirani yake, 720,721. Haigawanyiki kwa chochote kati ya 2 na 16, kwa kuwa daima inabaki 1, na anayeishia hapo ataiita tasa. Kipeuo chake cha pili ni karibu 849, hivyo endelea na namba tasa zinazofuata. Zote zitakataa hadi ufike 71: 71 × 10,151.